Ikulu ya nyasi, ikulu ya Mjerumani, na shamba la mtu mdogo

Ndugu zangu, kuna kauli moja nimeisikia mara nyingi katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo, na huwa inasemwa kwa sauti ya kujidharau. Watu husema: "Sisi huku hatuna majengo ya kale. Wenzetu wa pwani wana Kilwa, wana Bagamoyo, wana Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sisi tuna boma la Mjerumani pale Biharamulo, basi." Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kauli hiyo, maana mimi naiona ina makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kisichojengwa kwa mawe hakikujengwa. Kosa la pili ni kubwa zaidi: kudhani kwamba historia ya jengo ni historia ya yule aliyelala ndani yake tu.

Tuanze na hilo la kwanza.

Mwaka 1861 Mwingereza aitwaye John Hanning Speke, akiwa na mwenzake Grant, alipita katika nchi iliyoitwa Usui akielekea Karagwe na Buganda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Usui hiyo ndiyo Biharamulo ya leo pamoja na sehemu ya Ngara. Mtawala wake aliitwa Suwarora, wa ukoo wa Bahinda, ule ule uliotawala Karagwe, Kihanja na Ihangiro, na ambao asili yake inatajwa kuwa ni Ruhinda. Suwarora alikuwa na sifa moja iliyojulikana na kila mwenye msafara kutoka Tabora: hongo. Hakuna aliyepita nchini kwake bila kulipa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Speke alizuiliwa siku nyingi, akadaiwa, akalipa, akadaiwa tena. Na baada ya yote hayo hakumwona Suwarora kwa macho yake.

Lakini ikulu aliiona, akaiandika. Alikuta eneo kubwa lililopangwa vizuri, limezungukwa na duara tatu za minyaa, duara moja ndani ya nyingine. Nyumba ya mtawala ilisimama peke yake upande wa mbali, na ukubwa wake ulikuwa mara tatu ya nyumba nyingine yoyote. Nyumba za maofisa na watumishi zilipangwa kwa vikundi, kila kikundi ndani ya duara lake, na katikati ikaachwa nafasi ya kutosha ng'ombe kulala usiku.

Hebu tuyapime maneno hayo kama mafundi. Duara tatu za uzio maana yake ni kwamba mgeni hawezi kumfikia mtawala kwa hatua moja. Anapita mlango wa kwanza, anasubiri. Anapita wa pili, anaulizwa ameleta nini. Wa tatu huenda asiupite kabisa, kama Speke. Uzio ule ulikuwa ni ofisi ya forodha na ofisi ya itifaki kwa pamoja. Mnyaa nao haukuchaguliwa kwa bahati. Unachomekwa kijiti tu, unaota wenyewe, mchwa hauwezi, mbuzi hawali, na utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta kuzaliwa. Ng'ombe kulala katikati ya nyumba maana yake mali ya nchi imewekwa mahali ambapo kila jicho linaiona. Hiyo ni ramani ya serikali, ndugu zangu, iliyochorwa kwa miti na nyasi.

Nyumba yenyewe ya nchi zetu hizi tunaijua: msonge. Kwa Wahaya, Wanyambo, Wasubi, Wahangaza na Washubi, kila mmoja kwa namna yake, nyumba kubwa ilikuwa ya duara. Katika ule msonge wa Kihaya, nyasi huanza kileleni zikashuka hadi karibu na ardhi, hata usijue ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi. Ndani kuna nguzo, na fito zilizofungwa mviringo juu ya mviringo. Sakafu hutandikwa majani, na sehemu zimegawanywa: ya wageni, ya kulala, ya moto, ya mifugo midogo. Moshi wa jikoni ndio dawa ya wadudu. Nyumba hiyo haina msumari hata mmoja, lakini inastahimili mvua za masika na upepo wa vilimani.

Udhaifu wake ni mmoja: inataka watu. Nyasi lazima zikatwe, zikaushwe, zibebwe, zipangwe, na baada ya miaka michache zibadilishwe. Ikulu ya mtawala ilitaka watu wengi zaidi, tena kila mara. Siku watu wasipokuja, mvua ya misimu michache inatosha kuirudisha udongoni. Ndiyo maana leo mahali pa ikulu nyingi za zamani utakuta minyaa mirefu iliyozeeka na mikuyu ile iliyotengenezewa nguo za magome, na mbuzi wakilishwa hapo, na kijana akikuambia, "Hapa? Hapa hapana kitu."

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa swali langu ni hili: ikulu hizo ziliundwa na nani, na kwa haki gani? Hapo ndipo tunapoingia katika kosa la pili.

Wenzetu wa kaskazini, katika Buhaya, walikuwa na mfumo ulioitwa nyarubanja. Wazee wanaujua, vijana wengi wanalisikia jina tu. Kwa kawaida Mhaya aliishi katika kibanja chake, shamba la migomba lililofunguliwa na babu yake, na juu ya kibanja hicho ukoo ulikuwa na sauti. Nyarubanja ilikuja kwa njia nyingine. Mkama alimpa ndugu yake, au mtu aliyemtumikia vizuri, eneo la nchi pamoja na watu waliomo. Kuanzia siku hiyo mwenye kibanja akawa mtwarwa, na yule aliyepewa akawa mtwazi wake. Mtwarwa hakuhama na hakuuza. Aliamka tu asubuhi akaambiwa kwamba shamba alilozaliwa ndani yake si lake tena. Akatakiwa kupeleka pombe ya ndizi, nguo za magome, sehemu ya mazao, na siku za kazi. Akigoma, aliweza kufukuzwa.

Walipokuja Wajerumani mambo yakaongezeka. Emin Pasha alifika Bukoba mwaka 1890 na kituo kikaanzishwa pale. Wajerumani walikuwa wachache, wakahitaji watawala wa kuwasaidia. Aliyewaelewa mapema kuliko wengine alikuwa Kahigi II wa Kihanja. Akashirikiana nao, mamlaka yake yakapanuka, na hadi alipofariki mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kuliko wote katika Buhaya. Wajerumani wakamjengea ikulu Kanazi, mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba yenye kuta na pembe kwa mtindo wa kwao. Hapo mtawala akatoka katika duara akaingia katika mraba.

Msidhani hilo lilikuwa jambo la urembo tu. Nyumba ya nyasi ilimlazimisha mtawala kuwategemea watu kila mwaka; wasipokuja kuezeka, inavuja, na kila mtu anaona. Nyumba ya Mjerumani haikuwa na deni hilo kwa wananchi. Nguvu ya mtawala sasa ilitoka bomani, na watu wakaendelea kutoa bila yeye kuwahitaji kama zamani. Katika kipindi hicho hicho nyarubanja ziliongezeka, maana Bakama waliokuwa na mgongo wa Mjerumani waliweza kugawa nchi bila kuogopa kwamba watu watahamia kwa mtawala mwingine.

Kisha ikaja kahawa. Chini ya Waingereza buni iligeuka fedha. Kibanja ambacho zamani kilitoa ndizi na pombe sasa kilitoa shilingi, na mtwazi naye akataka sehemu ya shilingi. Kesi zikaongezeka mabarazani. Malalamiko ya batwarwa yakawalazimu Waingereza kuweka masharti, lakini kuufuta mfumo hawakuufuta.

Huku kwetu je? Katika Ngara fungamano kubwa lilikuwa la ng'ombe. Nchi ya Bugufi ilikuwa na mila moja na Burundi. Mtu alipewa ng'ombe na mkubwa, akawa mtu wake: akajenga rugo lake, akatengeneza uzio wake, akabeba mizigo yake, akamfuata anapoitwa. Mfumo huo kwa jirani zetu uliitwa ubugabire. Bugufi yenyewe ilitenganishwa na Burundi wakati Waingereza na Wabelgiji walipogawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Hata mwaka 1948 Mwami Mwambutsa wa Burundi alikuwa bado anaudai Umoja wa Mataifa umrudishie Bugufi. Nalitaja hilo ili tuone jambo moja: katika madai hayo makubwa ya wafalme na wakoloni, mwenye shamba pale Bugufi ndiye aliyekuwa anahamishwa kwenye makaratasi, naye yupo pale pale na jembe lake.

Mambo haya hayakuwa yetu peke yetu. Ng'ambo ya Mto Kagera, mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa nchi kwa maili za mraba, na maili 8,000 hivi zikaenda kwa machifu na wakubwa wapatao elfu moja. Mkulima wa Buganda akajikuta mpangaji katika shamba la babu yake, hadi sheria ya mwaka 1928 ilipoweka kikomo cha kodi anayotozwa. Na mbali zaidi, huko Bengal katika Bara Hindi, Waingereza walifanya vivyo hivyo mwaka 1793. Kulikuwa na wakubwa walioitwa jamidari, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya kodi ya ardhi kwa niaba ya mtawala. Gavana Cornwallis akawatangaza kuwa ndio wenye ardhi, mradi wapeleke serikalini kiasi kilichopangwa. Mkusanya kodi akalala mkusanya kodi, akaamka mwenye nchi. Kwa fedha hizo wengi wao wakajenga majumba makubwa yenye nguzo za Kizungu, nyua za ndani, mahekalu na mabwawa. Mashariki ya Bengal, ambayo leo ni Bangladesh, sheria ya mwaka 1950 ilikomesha ujamidari. Baadhi ya majumba hayo yamekuwa makumbusho na ofisi, na mengine yamemezwa na miti.

Nimeyaleta hayo ya mbali kwa sababu yanatusaidia kuona umbo la jambo lenyewe. Bengal, Buganda na Buhaya hazifanani kwa lugha, dini wala chakula. Lakini kote huko kulikuwa na mkulima aliyekuwepo kwanza, akaja mkubwa aliyepewa haki juu yake, akaja mkoloni aliyeigonga haki hiyo muhuri, na ndipo ikasimama nyumba kubwa. Anayekuja kuitazama nyumba hiyo leo anaona nguzo na madirisha. Muhuri hauonekani.

Kwetu muhuri huo ulifutwa kwa sheria. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kuwakomboa watu wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata sheria nyingine iliyowakomboa na wapangaji wengine wa ardhi za mila. Mtwarwa akawa mwenye kibanja chake. Katika historia ya mkoa wetu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, mimi nazihesabu siku hizo kuwa kubwa kama siku ya uhuru yenyewe. Maana bendera ilipandishwa Dar es Salaam, lakini mtu wa kibanja alijua amekuwa huru siku ile mtwazi aliposhindwa kumwita.

Sasa, ndugu zangu, hapa pana mgogoro wa kweli, na sipendi tuukwepe. Wapo wanaosema ikulu za zamani zitunzwe, zitengenezwe, watalii waje, mkoa upate fedha. Wapo wanaojibu: zitunzwe za nini? Hizo ni nyumba za watu waliotunyonya. Ziache zianguke kama mfumo wao ulivyoanguka. Nimeyasikia maneno yote mawili, na kila upande una sababu. Aliyebeba nyasi za ikulu bila ujira hawezi kuombwa leo achangie bati la ikulu hiyo hiyo kwa jina la urithi wetu sote. Kwanza lazima aambiwe ukweli: kwamba anajulikana alikuwepo.

Lakini tazameni Katuruka, kule Maruku. Hapo palikuwa na ikulu ya Mkama Rugomora Mahe, aliyetawala karne ya 17. Masimulizi ya Wahaya yanasema alitaka mnara wa chuma ujengwe mpaka mbinguni, mnara ukaanguka. Watu wangeweza kucheka wakaiita hiyo hadithi ya wafalme. Mtafiti Peter Schmidt alichimba hapo kuanzia mwaka 1969, akafuata maelezo ya wazee, akakuta chini ya ikulu mabaki ya wafua chuma wenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kumbe mtawala alipachagua mahali pale kwa sababu palikuwa tayari pana heshima kubwa, heshima ya mafundi waliomtangulia kwa karne nyingi. Alikaa juu ya kazi ya watu wengine. Kama pahala pale pangesahauliwa kwa hasira juu ya wafalme, na hao mafundi wangepotea pamoja nao.

Ndiyo maana mimi nasema tutunze, lakini kwa sharti. Penye ikulu pasimuliwe habari za pande zote mbili: nani alikaa, na nani alijenga, kodi gani ililetwa, na siku ngapi za kazi, nani alifukuzwa, na sheria ya mwaka gani ilimrudishia kibanja. Jumba lisimamalo bila maelezo hayo linawafundisha watoto kwamba ukubwa hutoka angani.

Tatizo jingine ni la sheria yenyewe. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka: jengo lililosimama kabla ya mwaka huo linahesabiwa kuwa la kale moja kwa moja, la baada ya hapo linahitaji kutangazwa na waziri. Kwa Kilwa mpaka huo unafaa sana, maana mawe yapo. Kwetu unatubana pande zote. Ikulu ya Suwarora ilikuwepo mwaka 1861, imetimiza umri, lakini ilikuwa ya nyasi na haipo. Ikulu ya Kanazi na boma la Biharamulo vipo, lakini vilijengwa baada ya mwaka huo. Kwa hiyo mkoa wenye historia ndefu kiasi hiki unaweza kuonekana mtupu kwenye orodha, na mtoto wa Biharamulo akaamini kwamba kwao hapana kitu.

Wakati ni mfupi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi nchini kutoka katika makazi yao ya asili. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakaingia Ngara, wakaokoa maisha yao, na miti ya eneo la Benaco ikaisha kwa kuni. Silaumu anayepika uji wa mtoto wake. Nasema tu kwamba kumbukumbu zetu ni miti na vinywa vya wazee, na vyote viwili huondoka bila kuaga.

Na lipo la mwisho, linalotuhusu waliopo hai. Mwaka 1965 mtwarwa alikombolewa, lakini mara nyingi aliyeandikwa ni mwanamume. Binti wa kibanja hicho hicho aliendelea kuambiwa na mila kwamba ardhi ya ukoo hawezi kuiuza. Ilichukua hadi mwaka 1990 kwa Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, kuamua katika kesi iliyotoka Buhaya kwamba mila hiyo inapingana na Katiba. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Hata hivyo nani kati yetu hajui shangazi aliyefiwa na mume akaambiwa na shemeji zake afungashe? Huyo shangazi yuko mahali alipokuwa mtwarwa: analima, anapalilia, anavuna, lakini haki iko kwa mtu mwingine.

Basi naomba kitu kimoja kwa kila anayesoma haya na ambaye bado ana babu au bibi kijijini. Ukienda likizo, mwombe akuonyeshe minyaa mizee ilipo. Muulize nani alikaa hapo. Halafu muulize na hili, ambalo wengi hatuliulizi: nyasi za kuezekea zilikatwa bonde gani, na ni akina nani waliozibeba? Andika majina yao katika daftari, pamoja na ya wanawake. Viongozi wa vijiji nao wayapokee majina hayo, wayaweke shuleni, mwalimu wa historia awe na kitu cha kufundishia zaidi ya orodha ya watawala.